Mnyalu na swali lake la "Alafu?"

Mnyalu nilimjua kabla hatujafika chuo. Mwaka 2022 mwishoni mwishoni hivi, natoka Songea naenda Morogoro kuripoti mwaka wa kwanza chuo cha kilimo SUA, basi tumepanda alfajiri giza bado halijaachia, tumepita Njombe na baridi lake, Makambako, Mafinga, tunafika Iringa watu tushachoka ndo akapanda kijana mmoja mrefu mwembamba, kabeba begi moja na kiroba cha viazi, akakaa siti ya pembeni yangu. Salamu tu, hakusema kingine mpaka tumeanza kushuka Kitonga.

Wanaoijua Kitonga wanaijua. Kona juu ya kona, malori yanapumua, bonde liko chini huko. Siti ya mbele yetu kulikuwa na dada mmoja ana watoto wawili, mmoja ananyonya na mwingine wa miaka kama mitatu, sasa huyu wa miaka mitatu akaanza kutapika, dada wa watu mikono miwili watoto wawili hajui ashike nini aache nini, na abiria wameanza kunyanyua miguu na kugeuza shingo dirishani. Yule kijana akainama, akamimina viazi vyake vyote chini ya siti, akatoa kile kiroba akamkinga mtoto. Basi likikata kona viazi vinakimbilia huku, likikata kona nyingine vinarudi, watu wanavisikia vinagonga kwenye vyuma na yeye wala hana habari navyo, kamshika mtoto kichwa anamwambia tapika baba, tapika yaishe. Baadae akamvua ile fulana iliyochafuka akamfunika na sweta lake akampakata. Tumefika Ruaha Mbuyuni wale wa vitunguu wanagonga madirisha, yeye akanunua maji tu. Mikumi tembo walikuwa karibu kabisa na barabara, mtoto kaamka anawaonyesha kwa kidole, kashasahau kama alikuwa anaumwa.

Sasa tunashuka Msamvu, stendi ya Morogoro, mimi nikajua imeisha, jamaa kafanya jambo la maana, tuage twende. Yeye akasimama pale mlangoni akamuuliza yule dada, "Dada, Dar unapokelewa na nani?" Dada akasema mume wangu ila simu imezima chaji toka Mafinga. Nikamwambia twende bwana, kondakta ashaanza kugonga bodi. Akanigeukia akasema, "Tumrudishie mtoto tumwache, alafu?" Akampa simu yake ikapigwa kwa mume, yule mume akaambiwa basi gani na litafika Mbezi stendi ya Magufuli saa ngapi, na kondakta tukamuomba asimshushe mpaka amuone mumewe. Dakika tatu tu. Mimi kiroba cha viazi ndo nilikuwa nimekishika, tulivyookota vikapungua kama nusu hivi, na hivyo ndo tulivyokula wiki ya kwanza Mazimbu.

Jina la Mnyalu tulimpa chuo kwasababu ya kwao Iringa, na mimi akaniita Mngoni, na kama mnavyojua Wahehe na Wangoni ni watani toka babu zetu walivyopigana karne ya 19, kwahiyo tulikuwa tunatukanana asubuhi mpaka jioni na hakuna wa kununa. Yeye ualimu wa sayansi, mimi maendeleo vijijini, wote kampasi ya Mazimbu, tukapanga geto moja nje ya chuo. Naandika haya kwasababu tumemaliza mwaka jana na kila mtu kashika njia yake, na watu wananiulizaga chuo ulijifunza nini, mimi nikikaa nikifikiria vitu vya darasani vinakuja vichache, linakuja lile neno lake "alafu?"

Ya kwanza kubwa ni ile ya hela. Januari 2023. Wanachuo wenzangu mnaijua Januari, bumu tulikuwa tumelila lote (ile hela ya kujikimu ya mkopo, ukiipiga hesabu ya kila siku kwenye karatasi inatosha, ila ukipewa ya miezi miwili kwa mkupuo mmoja hesabu inakataa), geto limebaki na unga kama kilo mbili, dagaa wachache na mafuta chini ya chupa. Kwenye simu nilikuwa na shilingi 2,300. Saa kumi na moja jioni meseji ikaingia, umepokea shilingi 180,000 kutoka kwa mtu nisiyemjua.

Nitasema ukweli, kitu cha kwanza kichwani kwangu haikuwa kurudisha. Nilikaa kitandani nikawa naiangalia ile meseji, nikaanza kujiambia labda baba kaomba mtu anitumie, huku najua kabisa baba hana laki na themanini ya kumtumia mtu. Mnyalu akasema cheki salio kwanza, meseji hata matapeli wanatengeneza. Nikaingia kwenye menyu nikacheki, hela ipo kweli. Hapo ndo moyo ulinienda mbio zaidi, bora ingekuwa ya matapeli.

Haijapita robo saa simu ikaita. Mama mmoja, sauti inatetemeka, anasema mwanangu nimetuma kwa wakala namba ikakosewa, tarakimu moja tu, naomba unirudishie kwenye hii namba ninayokupigia. Mimi huruma ikanishika nikasema sawa mama natuma sasa hivi. Mnyalu akaninyang'anya simu kwa upole, akamwambia, "Shikamoo mama. Hela yako ipo na hatuigusi hata mia. Ila hatuwezi kuituma huko, rudi kwa wakala aliyekutumia, mpigie wote huduma kwa wateja, namba mia moja, muombe muamala urudishwe, na sisi tutapiga tuseme tumekubali."

Wengi hili hawalijui ndo maana nalieleza. Ukipokea hela ya makosa ukaituma mwenyewe kwenye namba nyingine unayotajiwa, na huku yule wa kwanza nae kaomba muamala urudishwe, wewe umelipa mara mbili, na matapeli wengi wanaishi kwa njia hiyohiyo. Usiitoe, usiitume, acha mtandao wenyewe uirudishe ilikotoka. Na kama ni meseji tu salio halijaongezeka, hiyo ni ya matapeli, itume kwenda 15040 uendelee na mambo yako.

Mama alivyosikia hivyo akaanza kulia. Alidhani tunamzungusha. Kilio cha mtu mzima kwenye simu, mtu humuoni, kinakaa masikioni muda mrefu. Mimi nikawa nasema tumtumie tu bwana liwalo na liwe, Mnyalu akawa anazunguka getoni pale, mwisho akasema sawa, wakirudisha watarudisha kesho au keshokutwa, alafu? Hii hela ilikuwa inaenda kufanya nini leo? Akapiga tena akamuuliza.

Kumbe yule mama yuko Turiani, mtoto wake anaenda kuanza kidato cha kwanza shule ya bweni huko njia ya Ifakara, anasindikizwa na kaka yake, na ile hela ilikuwa nauli na vitu vilivyobaki kununuliwa hapa Moro. Wako Msamvu toka saa sita mchana wanasubiri. Namba ya kaka mtu na yangu zimepishana tarakimu moja, yake tatu, yangu nane.

Tulienda Msamvu kwa mguu, nauli ya kwenda tungeitoa lakini ya kurudi watu wanne ingetushinda. Tumefika giza limeingia, tukapiga ile namba tukamuona kijana mmoja kanyanyua mkono kule mwisho kwenye benchi. Mdogo wake amekalia godoro lililokunjwa likafungwa kamba ya katani, pembeni tranka ya bati ya bluu, ndoo mpya ndani yake kuna fagio la chelewa na rimu ya karatasi, na miguuni viatu vyeusi vipya vikubwa kuliko mguu, unaona karatasi zimechomoza kwa nyuma kwenye kisigino. Hakuwa analia. Alikuwa ameshikilia ile bahasha ya fomu ya kujiunga kwa mikono miwili kama vile mtu atakuja kumnyang'anya. Walikuwa hawajala toka asubuhi na hawakuwa wamemwambia mtu yeyote.

Kaka mtu alituogopa mwanzo na nampa haki yake, stendi usiku watu wawili usiowajua wanakwambia twende kwetu. Mnyalu akampigia mama akaongea nae, akatoa kitambulisho cha chuo akampa yule kaka akae nacho mfukoni mpaka kesho. Mimi nikabeba tranka begani, Mnyalu godoro kichwani, tukarudi taratibu. Usiku ule tulipika unga wote. Dogo alilala kwenye godoro lake jipya kabla halijafika shule.

Asubuhi tunasubiri mtandao tukawapeleka kutembea mle kampasi. Mazimbu si chuo cha kawaida, pale mwaka 1977 Tanzania iliwapa ardhi wapigania uhuru wa ANC wa Afrika Kusini, wakajenga shule yao, ikapewa jina la Solomon Mahlangu aliyenyongwa na makaburu Aprili 1979, na walivyoondoka mwaka 1992 wakatuachia majengo yote. Makaburi yao yapo pale pale. Dogo alikuwa anasoma majina kwenye mawe kaburi moja moja, anasoma mpaka mwaka wa kuzaliwa, akauliza, "Hawa walikuja kusoma?" Mnyalu akamjibu ndio, wengine walikimbia kwao wakiwa wanafunzi kama wewe, baada ya wanafunzi kupigwa risasi Soweto 1976. "Na wazazi wao je?" Walibaki. Dogo akanyamaza, alafu akasema basi mimi Ifakara sio mbali. Nilisikia kitu kimenikaba kooni, sijui niseme vipi.

Muamala ulirudishwa mchana wake. Mama akatuma tena, safari hii kaka mtu kasoma namba kwenye simu tarakimu kwa tarakimu huku mama anarudia kama anasoma shairi. Kesho yake wakapanda basi la asubuhi, tena wakatulazimisha kupokea elfu kumi ya unga. Tulikataa, dada wa chakula aliyekuwa pale akatuambia pokeeni, mtu akikushukuru na wewe ukakataa unamwacha na deni. Tukapokea. Hilo nalo sikuwa nalijua.

Ile ya mlimani ndo ilinibadilisha zaidi, na humo hatukuwa mashujaa.

Mwaka wa pili, Jumamosi moja mwezi wa tatu, tukasema haiwezekani tumalize chuo tunaiona Uluguru kila asubuhi hatujaipanda. Tukaanza asubuhi kutoka mjini kwenda Morningside, kile kijumba cha zamani cha enzi za Wajerumani, njia nzima unapishana na akina mama wanashusha ndizi, karoti, njegere, wametanguliza vidole gumba kwenye utelezi wanashuka kama wanakimbia na mzigo kichwani. Tumefika, tumepiga picha, mji wote uko chini na bwawa la Mindu linang'aa kule. Ingeishia hapo ingekuwa vizuri, ila tukasema tusogee juu kidogo. Kidogo ikawa kidogo, mara ukungu ukashuka, mvua ikafuata, njia zikawa tatu wakati tulipopita ilikuwa moja. Saa tisa tuko kwenye mteremko wa mahindi hatujui mji uko wapi, simu mtandao hakuna, Mnyalu kateleza kiatu kimekatika.

Akatokea bibi mmoja, mfupi, kajifunga kanga kifuani na gunia la plastiki kichwani kujikinga mvua, mgongoni kabeba tenga la magimbi. Tukamwamkia, "Shikamoo bibi." "Marahaba wajukuu zangu, mmepotea." Hakuuliza, alisema tu. Tukampokea tenga, akatangulia.

Nyumbani kwake tukakaushia nguo jikoni, tukala magimbi ya moto na chai ya mchaichai, mvua inapiga bati. Na mimi kwasababu nilikuwa nimetoka kufanya somo la hifadhi ya udongo wiki hiyohiyo, nikaangalia shamba lake lilivyo kwenye mteremko mkali nikaona nimlipe wema wake kwa elimu. Nikaanza, bibi hapa ungechimba matuta ya ngazi, udongo usingeondoka, maji yangekaa. Nikachora mpaka chini kwenye majivu kwa kijiti. Bibi akanisikiliza mpaka mwisho. Alafu akaniuliza, "Hayo matuta mjukuu wangu, chuo hawajawaambia kama tulishayachimba?"

Akatuhadithia. Alikuwa msichana mdogo wa kutumwa maji, enzi za Mwingereza, watu wa Uluguru walilazimishwa kuchimba ngazi mlima mzima, asiyechimba anapigwa faini. Baba yake na mama yake walichimba mpaka mikono ikatoka malengelenge, na walipochimba ule udongo mweusi wa juu ukafukiwa chini, ukatoka mwekundu wa chini ukakaa juu, wakapanda mahindi yakatoka ya kimo cha goti, manjano. Njaa waliyoichimba wenyewe kwa majembe yao. Na mashamba kwa Waluguru yanakwenda kwa upande wa mama, kwahiyo lile lilikuwa la ukoo wa bibi yake, alikuwa anaiona aibu kwenye uso wa mama yake. Watu wakagoma, mwaka 1955 kukawa na vurugu kubwa upande wa Matombo, na wakoloni wakauacha ule mpango. Baadae niliingia maktaba nikaisoma na kuikuta ipo, ila kwenye kitabu hakuna mama wa mtu anayeona aibu.

Nilifuta ile michoro kwenye majivu kwa kiganja. Sikuwa nimesema uongo, matuta yanafanya kazi sehemu nyingi yakichimbwa vizuri. Ila sikuwa nimemuuliza chochote, sijamuuliza shamba lina miaka mingapi, amepanda nini kabla, kwanini kaacha ile mistari ya majani katikati (kumbe ndo yake ya kuzuia udongo), nimekula magimbi yake nikaanza kumfundisha. Mnyalu ndo alisema, kwa sauti ya chini, "Bibi, tusamehe. Kuna kitu chochote unataka tukusaidie kabla hatujaondoka?"

Bibi akafikiria, akaingia ndani akatoka na simu. Kitochi, kimefungwa na raba, betri inacheza. Akasema vocha yangu inaliwa. Mwanangu ananitumia elfu moja kutoka Dar, nikilala nikiamka haipo, sijapiga hata simu moja, na wao wanadhani sitaki kuwapigia.

Hicho ndo kilikuwa kinamuumiza. Tukatoka nae mpaka kwenye jiwe moja juu ya nyumba ndo mtandao unashika, tukasoma meseji zake, zilikuwa zimejaa mpaka haziingii tena. Kumbe alikuwa ameunganishwa na huduma mbili za nyimbo na moja ya dondoo za mpira, kila siku zinakata, bibi wa watu hajui hata alibonyeza nini. Tukapiga huduma kwa wateja tukamweka bibi aongee mwenyewe maana laini ni yake, zikaondolewa zote tatu. Nikasema haya tayari, tuondoke giza lisitukute.

Mnyalu akasema, "Tumeziondoa. Alafu? Anampigiaje mwanae, majina hayasomi."

Mjukuu wa bibi, binti wa darasa la sita hivi, alikuwa na rangi ya kucha nyekundu na nyingine nyeupe. Mnyalu akaweka namba ya mtoto wa Dar kwenye kitufe cha mbili, ukikishikilia inapiga yenyewe, na ya binti yake wa Kilosa kwenye tatu. Akachukua ile brashi ndogo akapaka tone jekundu juu ya mbili na tone jeupe juu ya tatu, anapaka huku amezuia pumzi kama anatoa mwiba, alafu akapuliza zikauke. Bibi akashikilia nyekundu. Ikaita. Sauti ya mwanaume ikatoka, "Mama?" Bibi akasema, "Nimekupigia mwenyewe." Akarudia tena, "Mimi mwenyewe nimekupigia." Akakaa pale kwenye jiwe na gunia lake kichwani mvua inanyunyiza, anaongea Kiluguru na kucheka, sisi tukasogea pembeni tukawaachia.

Kabla hatujaondoka akauliza hiki kingine mbona hamjapaka, anaonyesha nne. Mnyalu akaweka namba yake, rangi zikawa zimebaki hizohizo mbili, akapaka nusu nyekundu nusu nyeupe.

Yapo mengine mengi, hili la damu nalitaja maana watu wanaogopa. Mwaka 2024 mkwe wa mama mwenye nyumba wetu alijifungua akapoteza damu nyingi, usiku familia wakaambiwa watafutwe wachangiaji. Tukaenda wote wawili. Mimi nikapimwa wingi wa damu na presha na uzito nikapita, wakatoa ile chupa moja, kama mililita 450 hivi, dakika kumi na kidogo, juisi na biskuti, basi, hakuna cha kuzimia wala nini. Mnyalu akapanda mzani, kilo 47. Chini ya 50 hawachukui. Akamuomba nesi, akasema atakula kwanza arudi, nesi akamwambia mwanangu hata ule nini leo hautafika, kapumzike. Nilimuona akitoka mle ndani kashusha mabega, mtu ambaye nimezoea yeye ndo wa kwanza.

Nikamkumbusha wale panya wa SUA, wale panyabuku wanaofundishwa na Apopo kunusa mabomu ya ardhini, mwenzao mmoja Magawa alifundishwa hapahapa Moro akafanya kazi Kambodia, na mwaka 2020 akapewa medali ya dhahabu na shirika la Uingereza. Kinachomfanya panya aweze ile kazi ni wepesi wake, anakanyaga juu ya bomu halilipuki, mtu wa kilo themanini hawezi. Nikamwambia wewe mwepesi, kimbia. Na kweli akakimbia, saa tano ya usiku akaenda hosteli chumba kwa chumba anagonga, amerudi na watu tisa, wengine wamevaa malapa, watatu wakakataliwa, mmoja alikuwa kwenye dozi ya malaria, mwingine alikunywa pombe jioni ile, mwingine uzito kama yeye. Sita wakatoa. Yule mama akapona, na mtoto sasa hivi anakimbia.

Na hakuishia hapo, alichukua daftari akaandika majina ya wote na tarehe, maana mwanaume anaweza kutoa tena baada ya miezi mitatu na mwanamke minne, ikifika tarehe anakupigia. Mimi nimetoa mara tano mpaka tunamaliza chuo, zote kwa simu yake. Hata sasa ananipigia.

Sasa juzi kanipigia kwa namba ngeni, yuko Iringa anajitolea kufundisha hesabu sekondari, simu imeibiwa stendi. Nikamwambia pole mtani, sajili laini mpya basi maisha yaendelee, mimi nitawatumia watu namba yako. Akakataa. Alikuwa kwenye foleni ya kurudisha laini ileile ya zamani, toka saa mbili asubuhi, mtandao wa alama za vidole unasumbua, wameambiwa wasubiri, na foleni iko nje kwenye jua. Nikamuuliza kwani hiyo namba ina nini, hata hela haikuwa nayo.

Akasema, "Mngoni, bibi hajui namba yangu. Anajua rangi. Akishikilia nne atampata nani?"

Alirudishiwa saa nane na nusu mchana. Saa kumi akanitumia meseji kwa namba yake ileile, kwamba bibi kapiga, magimbi yamekomaa, anauliza tunaenda lini.